Nilitaka kiini cha yai la kienyeji, ukutani nimepata limao. Tumekosea wapi?

#1 Mama_Wawili_Goba
Habari wadau. Naomba msaada kabla sijagombana na fundi wangu. Tumehamia kwetu mwezi uliopita baada ya miaka sita ya kujenga kidogo kidogo, na kitu kimoja ambacho sikutaka kujadiliana na mtu ni rangi ya sebule. Tangu niko chuo najiambia siku nikipata kwangu sebule itakuwa njano ya dhahabu, ile iliyoiva, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, siyo kile kilichopauka cha kuku wa kizungu. Nimechoka na kirimu, nyumba zote nilizopanga zilikuwa kirimu. Basi nikaenda dukani nikachagua kwenye katalogi, wakachanganya kwa mashine ndoo ya lita 20, fundi akapiga mikono miwili. Kwenye katalogi ilikuwa asali kabisa. Ukutani ni limao, tena limao bichi! Mchana ina ukijani fulani hivi, usiku ndo inaumiza macho kabisa, watoto wakikaa kwenye kochi wanaonekana kama wanaumwa. Fundi anasema rangi ni ileile niliyochagua, dukani wanasema mashine haikosei, mume wangu anasema alishaniambia. Ni rangi, ni fundi, ni taa, au ni kitu gani?

#2 Kipara_wa_Msimbazi
Sebule ya njano? Dada sisi wanasimba hapo hata utukaribishe kwa pilau hatuingii. Malizia na kapeti la kijani tujue moja.

#3 Fundi_Rangi_Mbagala
Dada usigombane na fundi kwanza. Napaka nyumba tangu 2004 na rangi iliyonitoa jasho kuliko zote ni njano. Watu hawajui, njano haifuniki. Ukipaka nyeupe au kijivu mikono miwili umemaliza, njano iliyokolea inataka mitatu mpaka minne, kwa sababu zile rangi kali zinachanganywa kwenye besi ambayo haina weupe mwingi ndani yake, ukiiangalia kwenye ndoo kabla ya kutiwa rangi ni kama uji mwepesi. Kwa hiyo kile cha chini kinaonekana. Chini yako kuna nini? Kama ni skimu nyeupe tupu basi hiyo limao ni weupe unapenya. Mimi huwa napiga andakoti niliyoitia njano kidogo, ndo juu napiga rangi yenyewe. Lita moja inakwenda kama mita za mraba 10 mpaka 12 kwa mkono mmoja ukuta ukiwa laini, sasa piga hesabu ya sebule yako uone kama lita 20 zilitosha au alizidisha maji.

#4 Nyaya_na_Taa
Fundi hapo juu umeongea vizuri ila swali la kwanza lilitakiwa liwe TAA. Dada angalia boksi la balbu zako, kuna namba ina herufi K mbele. Kama ni 6500 hiyo ni nyeupe yenye ubluu ndani, njano yoyote ile ikipigwa na huo mwanga inapoteza wekundu wake inabaki limao. Tafuta 3000 au 2700, ile wanaita wom waiti. Na kama boksi limeandika CRI, yaani kipimo cha taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia wake, chukua ya 90, usichukue ya 80, maana za bei rahisi zina upungufu kwenye wekundu na njano ya dhahabu inaishi kwa wekundu. Halafu watu wakishanunua taa mbaya wanamlaumu fundi rangi.

#5 Mama_Wawili_Goba
Asanteni. Balbu ni 6500, nimepanda kwenye stuli kuangalia. Zote saba. Lakini kaka Nyaya mchana sijawasha taa na ukijani upo, hapo inakuwaje?
Fundi, chini ni skimu nyeupe, andakoti hakupiga, alisema haina haja.

#6 Fundi_Rangi_Mbagala
Haina haja?? Sawa.

#7 Mvita_Asilia
Salaam. Mie niko Mombasa na nina swali la pembeni, nyie wa bara mbona mwasema njano? Sisi twasema rangi ya manjano, kwa sababu manjano ndiyo ile ya kupikia, ile bibi harusi asingwa nayo. Sasa huyu dada ataka rangi ya manjano hasa, ile ya mzizi wenyewe ukiukata, ile ina wekundu ndani. Ukisema njano tu muuza rangi akupa chochote. Jina lina kazi.

#8 Kipara_wa_Msimbazi
#7 sisi hiyo ya kupikia tunaita binzari shehe. Sasa tukaombe rangi ya binzari dukani?

#9 Mvita_Asilia
Ombeni! Mtapata iliyo sawa. Mamangu sebule yake ni hiyo hiyo, na viti vyake vya mninga, ukiingia saa kumi na moja jioni hutaki kutoka.

#10 Binti_wa_Leicester
Naungana na waliosema mwanga. Nyumba niliyopanga huku Uingereza ina chumba kinachoangalia kaskazini, mwanga wake ni baridi mwaka mzima, nilipaka njano ya haradali ikawa kama matope ya kijani. Chumba cha kusini rangi hiyohiyo ilikuwa dhahabu. Kwa hiyo dada angalia sebule yako inaangalia wapi, kama ni kaskazini sahau njano.
Halafu kwa wanaoogopa, mwaka juzi nilienda Giverny kule Ufaransa, nyumba ya mchoraji Claude Monet aliyoishi tangu 1883 mpaka alipofariki 1926. Chumba cha kulia chote ni njano, kuta njano, makabati njano, viti njano, ila njano mbili tofauti, moja imepauka kidogo na nyingine imekolea, na ukutani kajaza picha za Kijapani zenye bluu, halafu ukichungulia mlango unaona jiko lenye vigae vya bluu. Nilisimama pale mpaka mlinzi akanisogeza. Nilikuwa sijawahi kuona chumba kinachofurahi.

#11 Mwalimu_wa_Ramani
Binti wa Leicester umesema vizuri ya Giverny ila hilo la kaskazini usituletee huku bila kulipima. Huko kwenu jua la mchana liko kusini siku zote. Dar iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kuanzia kama mwezi wa tatu mpaka wa kumi jua la mchana linapita upande wa KASKAZINI, miezi iliyobaki linapita kusini. Dirisha la kaskazini hapa Goba linapata jua zuri tu mwezi wa sita. Kwetu cha kuuliza ni mashariki au magharibi, maana jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloingia ndani, la saa sita linaishia kwenye bati.

#12 Binti_wa_Leicester
Nimekubali mwalimu, sikuwaza hilo. Asante.

#13 Kemia_Kidogo
Hakuna aliyeuliza swali la msingi: lipu ilikauka? Simenti mbichi ina ukali mkubwa, pH ya 12 mpaka 13, na rangi nyingi za njano kali za siku hizi zina asili ya kaboni, baadhi hazivumilii huo ukali, zinaungua taratibu. Na zikiungua kinachoanza kuondoka ni ule uzito, unabaki na upauko wa mabaka. Lipu mpya inatakiwa ikae siku 28 angalau, na kwa unyevu wa Dar mimi ningesubiri zaidi. Dada lipu yako ilikaa muda gani kabla ya rangi?

#14 Mama_Wawili_Goba
Sebule yote lipu ni ya mwaka jana, isipokuwa ukuta wa upande wa choo ambao tuliubomoa kurekebisha bomba, huo ulipigwa lipu upya na kupakwa baada ya wiki mbili na nusu hivi, tulikuwa na haraka ya kuhamia. Na sasa umenitisha maana huo ukuta ndo una mabaka.

#15 Fundi_Rangi_Mbagala
Kemia hapo kwenye mabaka nakupa haki yako, huo ukuta wa choo ni mbichi, tena utazame chini karibu na sketingi kama kuna unga mweupe unatoka, hiyo ni chumvi. Lakini ukuta mmoja mbichi hauwezi kugeuza sebule nzima limao! Kuta tatu ni za mwaka jana. Na siyo njano zote zinaungua, ile ya oksaidi ya chuma, yellow okisaidi tunayoijua mafundi, inakaa hata juu ya simenti, ndo hiyohiyo wanayotia kwenye pevingi. Tatizo lake haina makali, ni njano ya udongo. Mtu akitaka dhahabu tulivu mimi humwambia achukue hiyo. Wengi wanakataa wanataka inayong'aa.

#16 Kijana_wa_Njombe
Fundi umesema njano ya udongo umenikumbusha mbali sana. Bibi yangu hakuwahi kununua rangi. Tulikuwa tunaenda kwenye korongo kuchimba udongo wa njano, tunauloweka kwenye beseni usiku kucha, asubuhi anachuja mchanga, anapaka ukutani kwa mkono na kitambaa kila baada ya mvua za masika. Ndani kulikuwa na mwanga fulani mtulivu, ukiingia kutoka juani unapumzika. Na kuna kitu hakuna aliyenieleza nikiwa mdogo, pale nyuma ya mafiga ukuta uleule ulikuwa mwekundu. Nikaja kujua ukubwani kwamba udongo wa njano ukipigwa moto maji yaliyofungwa ndani yake yanatoka unabaki mwekundu. Kwa hiyo bibi alikuwa na rangi mbili kwa beseni moja. Alifariki 2011, ile nyumba tulijenga ya tofali na tukaipaka kirimu, mpaka leo nikienda naona hakuna kitu.

#17 Mvita_Asilia
#16 Mungu amrehemu. Hiyo nimeisoma mara mbili.

#18 Dalali_Mbezi
Sababu ni rahisi jamani, amepaka kuta zote NNE. Kuta zinaakisiana. Njano inampiga jirani yake njano, jirani anarudisha, ndo maana chumba kinakuwa kikali kuliko katalogi. Kipande cha katalogi ni kidogo kuliko kiberiti na kimezungukwa na nyeupe. Angepaka ukuta mmoja wa nyuma ya TV zingine ziwe nyeupe yasingemkuta. Na siku akitaka kupangisha mteja anataka nyeupe.

#19 Mwalimu_wa_Ramani
Dalali kuakisiana ni kweli, ila fuata mpaka mwisho. Kila mwanga unapogonga ukuta wa njano unaacha ubluu wake pale. Ukigonga mara ya pili unaacha tena. Kwa hiyo njano inayoakisiana inazidi kuiva, inasogea kwenye chungwa, haiendi kwenye limao. Yeye shida yake ni kinyume. Sababu yako ingemfaa anayelalamika kwamba dhahabu imekuwa embe.

#20 Dalali_Mbezi
Mmh. Lakini ukali si umeelezwa?

#21 Mwalimu_wa_Ramani
Ukali ndiyo. Ukijani hapana.

#22 Shangazi_Sinza
Nimesoma yote kuanzia juu. Mwanangu, madirisha yako yana vioo vya rangi gani?

#23 Mama_Wawili_Goba
Shikamoo shangazi. Ni aluminiamu za kusukuma, vioo vya bluu.

#24 Shangazi_Sinza
Marahaba. Hapo sasa. Na nje ya dirisha kuna nini?

#25 Mama_Wawili_Goba
Mwembe. Mkubwa, tuliukuta kwenye kiwanja hatukuukata.

#26 Shangazi_Sinza
Mwanga wa mchana unapita kwenye majani ya mwembe, ukitoka hapo unapita kwenye kioo cha bluu, ndo unafika kwenye ukuta wa njano. Wewe ulitegemea nini mwanangu? Mimi nina duka la mapazia zaidi ya miaka 15, wateja wananiletea kitambaa wanasema nyumbani kimebadilika rangi, nawauliza kioo. Kila mara ni kioo. Kule dukani unakochagulia rangi mlango uko wazi.

#27 Kipara_wa_Msimbazi
NJANO UKITIA BLUU UNAPATA KIJANI 😂😂😂 nilisema mimi toka #2, hiyo sebule imejipeleka Jangwani yenyewe!

#28 Nyaya_na_Taa
Shangazi heshima yako, mchana nimekubali. Lakini kasema usiku ndo mbaya zaidi. Usiku kioo hakina kazi. Usiku ni balbu.

#29 Fundi_Rangi_Mbagala
Na mikono miwili bila andakoti. Msiisahau.

#30 Mtoto_wa_Kota
Mimi nilikuwa najisomea tu ila kuna kitu nataka niulize. Tunaishi nyumba ya zamani sana, kota za miaka ya sabini, korido ina njano ya mafuta inang'aa, imebanduka, nataka niisugue kwa msasa nipige hii ya kiini cha yai. Niishike na msasa namba ngapi?

#31 Kemia_Kidogo
#30 SIMAMA KWANZA. Njano nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na kromati ya risasi, yaani madini ya risasi ndiyo yenyewe yaliyokuwa yanatoa ile njano. Ukiisugua kavu unatoa vumbi la risasi, watoto wanalila kwa mikono, linaharibu ubongo na haulioni. Usisugue kavu, usichome kwa moto. Kama imeshika vizuri ioshe, ifunike na andakoti. Iliyobanduka iloweshe maji ndo ukwangue taratibu, tandaza nailoni chini, watoto na mjamzito wasiwepo, na ukimaliza deki kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Na rangi mpya ukinunua ya mafuta soma kopo, kiwango kinachopendekezwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ni risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni.

#32 Mtoto_wa_Kota
Duh. Nina wa miaka miwili na anatambaza mikono ukuta mzima. Asante sana, nimeahirisha, kesho nanunua nailoni.

#33 Mke_wa_Pili_Tegeta
Mimi nilipaka njano ya dhahabu 2021 nikakaa nayo miezi minne nikarudi nyeupe. Haikuwa rangi. Nilikuwa nimeweka na kochi jekundu, pazia la dhahabu lenye maua, kapeti lenye dhahabu, taa ya jipsamu nayo ya dhahabu, nikiingia nahisi niko ukumbi wa harusi na mimi nataka kuvua viatu. Mdogo wangu akaja akapaka kwake ileile kopo lileile akaweka mkeka, kochi la kijivu, mito miwili ya kitenge cha bluu, dari nyeupe. Nikienda kwake naona wivu mpaka leo. Njano inataka kuachiwa nafasi, vingine vinyamaze.

#34 Binti_wa_Leicester
#33 hapo kwenye bluu ndo Giverny yenyewe! Bluu iwe kwenye mito, siyo kwenye kioo.

#35 Dalali_Mbezi
Mbona hata mimi nilisema ukuta mmoja...

#36 Mke_wa_Pili_Tegeta
Kaka ukuta mmoja ni woga. Mdogo wangu amepaka yote minne na inapendeza.

#37 Mama_Wawili_Goba
Wadau nimerudi na majibu ya wikiendi. Kwanza nimebadilisha balbu nne nimeweka 3000, tatu nimeacha zilivyo. Usiku upande wa balbu mpya ni asali, nilikaa nikaangalia tu, upande wa pili limao lipo palepale. Kaka Nyaya Mungu akubariki.
Pili, fundi aliniachia rangi kwenye ndoo, nikapaka kipande cha hadibodi mikono mitatu. Nikakitoa nje kwenye baraza: ASALI. Nikakiingiza ndani mchana: kimepoa, kina ukijani kidogo, ila siyo kama ukuta. Yaani hadibodi na ukuta vimekaa pamoja, rangi moja, mwanga mmoja, na hadibodi imeiva zaidi.

#38 Fundi_Rangi_Mbagala
Hadibodi ina mikono mitatu na chini yake ni kahawia. Ukuta una mikono miwili na chini yake ni nyeupe. Nisiongeze neno.

#39 Shangazi_Sinza
Lakini kasema na hadibodi imepoa ikiingia ndani. Kioo hicho. Mwanangu fungua dirisha usukume mpaka mwisho, ukae sebuleni saa nne asubuhi uangalie tena.

#40 Kemia_Kidogo
Na ukuta wa choo usiupake tena sasa hivi, hata mkono mmoja. Uache ukauke, futa huo unga kwa brashi kavu kila wiki, ukikoma kutoka ndo uanze na prima ya kuzuia ukali wa simenti.

#41 Mama_Wawili_Goba
Nimefungua shangazi. Haya madirisha yanafunguka nusu tu, nusu nyingine kioo kinabaki kimefunika. Kwa macho yangu ukuta unaopokea nusu iliyo wazi umeiva, mume wangu kasimama palepale anasema hauna tofauti yoyote. Tumeita watoto. Mkubwa kasema umeiva, mdogo kasema umefanana.

#42 Nyaya_na_Taa
Saa ngapi hiyo? Kuna taa ilikuwa inawaka?

#43 Mama_Wawili_Goba
Saa nne na robo. Taa zote zimezimwa. Nje kulikuwa na mawingu kidogo.

#44 Mwalimu_wa_Ramani
Mawingu yanaharibu kipimo. Rudia siku ya jua kali, saa ileile, hadibodi iwe palepale.

#45 Fundi_Rangi_Mbagala
Apige andakoti na mkono wa tatu kwenye ukuta mmoja wa zamani kwanza, ndo apime. Lita ngapi zimebaki kwenye ndoo dada?

#46 Mama_Wawili_Goba
Kama lita tatu. Ukuta wa nyuma ya kochi zinatosha?

#47 Fundi_Rangi_Mbagala
Kama hauzidi mita nne kwa tatu zinatosha mkono mmoja na zinabaki. Kidogo ya hiyo ichanganye kwenye andakoti nyeupe mpaka ifanane na mtindi uliotiwa asali, piga, acha ikauke usiku mzima, ndo upige rangi. Usitie maji mengi.

#48 Mvita_Asilia
Na dirisha litie wavu ama kioo cheupe, mwembe usikatwe. Maembe yakiiva tuletee hapa picha za ukuta na embe pamoja tulinganishe.